Ndugu wa Kifua Kikuu Wanaoishi Bombani

Tumchukue mtoto wa miaka 7 anayetibiwa saratani ya damu. Kifuani pake, chini kidogo ya mtulinga, umechomoza mrija mwembamba wa plastiki ambao ncha yake ya ndani imefika kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, na kwa njia hiyo anapewa dawa kali ambazo mishipa midogo ya mkononi isingezistahimili. Asubuhi muuguzi anausukumia mrija maji ya chumvi ili usizibe. Nusu saa haijapita, mtoto anaanza kutetemeka, meno yanagongana, na kipimajoto kinasoma nyuzi 39.4. Damu inatolewa kwenye mrija na nyingine mkononi, chupa zote mbili zinapelekwa maabara, na siku ya tatu mashine ya kuotesha vimelea inatoa ishara kwamba ndani ya ile chupa ya mrija kuna kitu kinachokua. Mtaalamu wa zamu anapaka tone kwenye kioo, analitia rangi ya Gram, anachungulia hadubini na kuona vijiti vyembamba vilivyoshika rangi kwa madoadoa, mithili ya uzi wa shanga. Vijiti vya sura hiyo huishi kwenye ngozi ya kila mtu na huingia katika sampuli pale ngozi isiposafishwa vyema. Basi anaandika: “Bakteria wa ngozi, yaelekea ni uchafuzi wa sampuli.”

Mtoto huyu nimembuni, lakini njia aliyopitishwa hapo juu sikuibuni, kwa sababu ndivyo mikobakteria wanaokua upesi wanavyokosewa mara nyingi. Hakuna aliyefanya uzembe. Mtaalamu aliona alichokiona, na kwa wagonjwa walio wengi maelezo yake yangekuwa sahihi. Tatizo ni kwamba bakteria hawa hufanana na wasio na madhara, huishi mahali ambapo hatuwatazamii, na hata jina lao hudanganya.

Mikobakteria ni ukoo mkubwa wenye spishi zinazokaribia 200. Wawili tu katika ukoo huo ndio wanaofahamika na kila mtu: yule wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na yule wa ukoma. Kinachowaunganisha wote ni ganda lao. Ukuta wa seli zao umejaa mafuta mazito ya jamii ya nta, yaitwayo asidi za mikoli, ambayo huzuia maji, huzuia dawa nyingi, na huzuia hata rangi za maabara. Rangi nyekundu ya Ziehl-Neelsen huingia kwa kusaidiwa na joto, na ikishaingia haitoki hata ikioshwa kwa asidi. Ndiyo maana katika kipimo cha makohozi mikobakteria huonekana kama vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Rangi ya Gram, ambayo ndiyo hutumika kila siku kwa damu na usaha, hushindwa kupenya sawasawa katika ganda hilo, na yale madoadoa ya shanga ndiyo alama ya kushindwa huko.

Sasa kuhusu huo upesi. Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, Ernest Runyon, aliwapanga mikobakteria wasiokuwa wa kifua kikuu katika makundi manne kufuatana na rangi yao na muda wanaotumia kukua, na kundi la nne likawa la wale ambao koloni zao, yaani vichuguu vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, hujitokeza kwenye sahani ya kuoteshea kabla ya siku 7 kwisha. Upesi huo hupimwa dhidi ya bakteria wa kifua kikuu, ambaye hujigawa mara moja tu kwa takriban siku nzima na huchukua wiki kadhaa kuonekana kwa macho. Mikobakteria wa kundi la nne hujigawa kila baada ya saa 3 hadi 5 hivi. Lakini bakteria wa kawaida wa tumboni, Escherichia coli, akipata chakula cha kutosha hujigawa kila dakika 20, na sahani yake hujaa usiku mmoja. Kwa hiyo maabara ya vimelea vya kawaida, iliyozoea kutupa sahani baada ya siku mbili au tatu, humwona mkimbiaji wa kundi hili kama kobe, na humtupa kabla hajafika.

Neno kobe halikuja hapa kwa bahati. Mwaka 1903 daktari wa Kijerumani, Friedrich Franz Friedmann, aliwapata bakteria wa aina hii kwenye mapafu ya kasa waliokuwa wakifugwa mjini Berlin, na jina Mycobacterium chelonae limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kobe. Friedmann alishawishika kwamba bakteria wake, kwa kuwa ni ndugu wa kifua kikuu asiye mkali, angeweza kuwatibu wagonjwa wa kifua, na mwaka 1913 akavuka bahari hadi New York kuinadi dawa hiyo hai, mpaka uchunguzi wa serikali ya Marekani ulipoonyesha kwamba haikuwa na faida aliyodai. Mwenzake, Mycobacterium fortuitum, alielezwa mwaka 1938 na da Costa Cruz wa Brazili, baada ya kupatikana katika jipu lililotokana na sindano. Wa tatu, Mycobacterium abscessus, alielezwa mwaka 1953 kutoka kwenye maambukizi ya goti la mwanamke mmoja wa Marekani, akapewa jina la kazi anayoifanya: kutengeneza majipu. Hawa watatu ndio wanaosababisha sehemu kubwa ya ugonjwa tunaouzungumzia, na miongoni mwao abscessus ndiye mgumu kuliko wote.

Makao yao ni udongo na maji, na si maji machafu pekee. Mtu aliyelelewa kuamini kwamba maji ya bomba yaliyotiwa klorini ni maji yasiyo na kiumbe atashangaa kusikia kwamba klorini ndiyo inayowasafishia njia. Kiasi kinachotosha kuua bakteria wa kuhara huwaacha mikobakteria wakiwa hai, kwa sababu ya lile ganda la nta, na washindani wao wakishakufa, wao hubaki na bomba lote. Hujishikiza ndani ya mabomba, vichwa vya bafu, mashine za barafu na matangi, wakajitengenezea utando wa utelezi unaowakinga zaidi. Kila siku tunawanywa, tunawaoga na kuwavuta pamoja na mvuke, na karibu sote hatupati lolote.

Ili walete ugonjwa huhitaji kusaidiwa, na historia ya milipuko yao ni historia ya misaada hiyo. Mwaka 1982 katika jimbo la Louisiana, wagonjwa 27 kati ya 140 wa kituo kimoja cha kusafisha damu waliambukizwa, kwa sababu vichujio vya mashine vilikuwa vikioshwa na kutumiwa tena, na dawa ya formaldehaidi iliyotumika kuviua vijidudu haikuwa na nguvu ya kutosha. Baadaye kiwango kilichopendekezwa kikawa asilimia 4 badala ya 2. Nchini Brazili, hasa Rio de Janeiro mwaka 2006 na 2007, zaidi ya watu 1,000 walishukiwa kuambukizwa baada ya upasuaji wa matundu madogo, ule unaotumia kamera, na bakteria aliyehusika alionekana kustahimili glutaraldehaidi ya asilimia 2, dawa iliyokuwa ikitegemewa kuloweka vyombo vyenyewe. Huko Rochester, New York, watu 19 walichorwa michoro ya ngozi kwa wino wa kijivu uliokuwa umezimuliwa tayari kiwandani, wakaishia na vipele vyekundu mahali palepale palipopitiwa na kijivu, huku sehemu zilizotiwa weusi mtupu zikiwa salama.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa kufundishia, hata hivyo, ni wa Watsonville, California, mwaka 2000. Wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu ya miguuni, chini ya magoti, yaliyokaa kwa miezi. Walikuwa wameloweka miguu katika mabeseni yenye pampu inayozungusha maji. Wachunguzi walipofungua kichujio cha sehemu ya kuvutia maji, walikuta nyuma yake nywele na ngozi zilizokusanyika kwa muda mrefu, na humo Mycobacterium fortuitum alikuwa amejaa. Lakini si kila aliyeloweka miguu aliugua. Walionyoa miguu kwa wembe kabla ya kwenda saluni ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi, maana michubuko ambayo hata jicho halikuiona ilitosha kuwa mlango. Wateja hao walikuwa watu wazima wenye afya, nao hatimaye walipona. Tuweke mlango huohuo kwa mtu asiye na walinzi, tutaelewa kinachomtokea mgonjwa dhaifu.

Udhaifu, kwa maana hii, una sura mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kuwa na mlango ulio wazi: mrija wa kifuani, mrija wa tumboni wa kusafishia damu, kidonda cha upasuaji, kiungo bandia, alama ya sindano. Ya pili ni kupungukiwa na walinzi, kama inavyokuwa kwa aliyepandikizwa figo au mapafu, anayetumia steroidi kwa muda mrefu, anayepewa dawa mpya za baridi yabisi zinazozima sehemu ya kinga, au ambaye chembe zake nyeupe zimeshushwa na dawa za saratani. Mtoto wetu ana sura zote mbili kwa pamoja. Pia yupo mgonjwa wa tatu, ambaye kinga yake ni nzima lakini mapafu yameharibika: mwenye njia za hewa zilizopanuka na kujaa makohozi, mwenye ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi, au aliyepona kifua kikuu na kubaki na makovu.

Ungetarajia wenye UKIMWI wawe wa kwanza katika orodha hii, lakini sivyo. Kinga inapoporomoka kwa sababu ya VVU, mikobakteria anayesambaa mwilini kwa kawaida ni wa kundi la avium, ambaye hukua polepole. Hawa wa upesi huonekana kwa nadra zaidi. Kwa upande mwingine, huko Thailand na Taiwan watafiti walieleza mwaka 2012 juu ya watu wazima wasio na VVU ambao miili yao ilikuwa imetengeneza kingamwili dhidi ya intaferoni gama, yaani ujumbe ambao chembe za kinga hutumiana ili kuwaua mikobakteria waliomezwa. Wengi wao walifika wakiwa na tezi zilizovimba na mikobakteria waliosambaa mwilini, abscessus akiwa miongoni mwao, bila mrija wala saratani. Inaonekana basi kwamba idadi ya walinzi peke yake haielezi kila kitu; kuna amri mahususi ambayo ikikatika, mlango hufunguka kutoka ndani.

Turudi maabara. Kinachoweza kuokoa siku ni jambo dogo: mtu mmoja kutilia shaka vile vijiti vya shanga. Chupa ya pili kutoka mrija uleule ikiotesha kitu kilekile, neno “uchafuzi” halisimami tena. Kupaka tone jingine na kulitia rangi ya Ziehl-Neelsen huchukua chini ya saa moja. Usaha wa jipu lisilopona ukiombewa kipimo cha mikobakteria, sahani huachwa kwa muda unaostahili, tena kama ni chelonae anayeshukiwa, seti moja huwekwa kwenye nyuzi 30 hivi badala ya 37, kwa sababu huyu hupenda ubaridi, na ndiyo sababu mara nyingi hushambulia ngozi ya mikono na miguu kuliko viungo vya ndani. Maabara haiwezi kukisia haya yote kutoka kwenye fomu iliyoandikwa “usaha, kuotesha” na sahihi isiyosomeka.

Afrika Mashariki tuna mtego wetu wa ziada. Kwa miongo mingi kifua kikuu kimegunduliwa kwa hadubini, na hadubini haiwezi kutofautisha kijiti chekundu cha kifua kikuu na kijiti chekundu cha ndugu yake. Mgonjwa mwenye makovu ya kifua kikuu cha zamani anarudi akikohoa, makohozi yanaonyesha vijiti, anaanzishiwa dawa za kawaida, baada ya miezi miwili vijiti bado vipo, na mtu anaanza kulitamka neno “sugu”. Kama waliopo ni abscessus, isoniazidi na rifampisini haziwezi kuwafanya kitu, kwa sababu kwao dawa hizo hazikuwahi kufanya kazi. Ujio wa mashine za GeneXpert, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha mwishoni mwa mwaka 2010, umesaidia, kwani hutafuta vinasaba vya kifua kikuu chenyewe. Makohozi yenye vijiti vingi kwa hadubini ambayo GeneXpert inasema hayana kifua kikuu yanastahili kuoteshwa na kutambuliwa spishi, badala ya kurudiwa kipimo mpaka majibu yafanane na tulichotarajia. Tahadhari ya upande wa pili nayo ni ya lazima: kumpata mikobakteria wa maji katika makohozi mara moja si ugonjwa, maana anaweza kuwa amepita tu, au ametoka kwenye maji aliyosukutulia mgonjwa. Kwa mapafu, madaktari hutaka dalili, picha ya kifua inayolingana nazo, na kwa kawaida makohozi ya nyakati mbili tofauti yaliyootesha spishi ileile.

Tiba huanza na mlango. Katika maambukizi ya mrija, dawa peke yake kwa kawaida huitwanga homa kwa siku chache, kisha homa hurudi, kwa kuwa ule utando ulioshika plastiki haufikiwi. Hapa ndipo mazungumzo magumu hufanyika kando ya kitanda.

“Mama, mrija huu itabidi tuutoe.”

“Daktari, si ndiyo njia ya dawa zake? Na mishipa yake mmeshaona ilivyo.”

“Tumeiona, mama. Lakini wadudu wamejenga ndani ya mrija wenyewe. Tukiuacha, kila tukiusafisha tunawamwaga kwenye damu.”

Mama huyo ana haki ya kusita, na mimi sioni swali lake kuwa la mtu asiyejua. Kuutoa mrija ni kuahirisha tiba ya saratani, ni kuingia tena chumba cha upasuaji, ni kuchomwa sindano nyingi zaidi. Hata hivyo, juu ya jambo hili wataalamu karibu wote husema mamoja: mrija utoke, na mpya usipitishwe katika tundu lilelile.

Baada ya hapo ndipo dawa hufuata, nazo huchaguliwa kwa kumjua adui kwa jina kamili. Mycobacterium fortuitum ndiye mpole. Mara nyingi huweza kutibiwa kwa vidonge kama siprofloksasini, doksisaiklini au dawa za salfa, ilimradi zisitolewe moja peke yake, kwani usugu huibuka haraka. Chelonae huiitikia tobramaisini kuliko amikasini. Abscessus huhitaji mchanganyiko wa dawa za mshipani, kama amikasini pamoja na imipenemu au sefoksitini au taigesaiklini, zikiambatana na vidonge, na tiba ya mapafu huendelea kwa mwaka mzima tangu makohozi yaanze kutoka safi. Amikasini huweza kuharibu masikio na figo, na linezolidi hushusha damu kwa mgonjwa ambaye uboho wake tayari umechoka. Miongoni mwa vidonge vinavyotumika imo klofazimini, kidonge cha rangi ya damu ya mzee ambacho wahudumu wengi wa Afrika Mashariki wanakifahamu kutoka kliniki za ukoma.

Ugumu unaostahili kuelezwa kwa kina zaidi unahusu klarithromaisini, dawa iliyokuwa nguzo ya tiba hii. Abscessus ana jamii ndogo tatu. Mbili kati yake kwa kawaida hubeba jeni iitwayo erm(41), ambayo hulala mpaka dawa ifike. Ikiisha kuguswa na dawa huamka na kubadili mahali ambapo dawa ingeshika. Maabara ikisoma majibu siku ya tatu, itaandika kwamba bakteria anaweza kuuawa. Ikiiacha sampuli mpaka siku ya 14, itamwona akikua ndani ya dawa ileile. Jamii ndogo ya tatu, massiliense, ina jeni hiyo ikiwa imekatika katikati, haiamki, na wagonjwa wake hupona kwa wingi zaidi. Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye majibu yaleyale ya siku ya tatu wanaweza kuwa na hatima tofauti kabisa.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hakuna anayeambukizwa na mwenzake, kwamba kila mmoja humpata wake kutoka majini. Kwa walio wengi hilo bado ni kweli. Ila mwaka 2013 watafiti waliosoma vinasaba vya abscessus kutoka kwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi wa hospitali ya Papworth, Uingereza, walikuta kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa na bakteria wanaofanana mno kuliko maji yangeweza kueleza, na tangu hapo kliniki za ugonjwa huo huchukua tahadhari kali zaidi za kuwatenganisha.

Na pale dawa zinapokwisha? Mwaka 2018 kijana wa miaka 15 mwenye sistiki faibrosisi, aliyepandikizwa mapafu yote mawili mjini London, alikuwa na abscessus aliyesambaa mpaka kwenye kidonda cha kifua, ini na ngozi. Maabara ya Graham Hatfull katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, yenye hazina kubwa ya fagi, yaani virusi ambavyo huwashambulia bakteria tu, ilipata vitatu vya kumsaidia. Viwili ilibidi virekebishwe vinasaba kwanza ili viue badala ya kujificha. Cha tatu, kiitwacho Muddy, hakikuhitaji marekebisho, na kilikuwa kimeokotwa mwaka 2010 kwenye bilinganya lililokuwa likioza huko Durban, Afrika Kusini. Kidonda kilifunga, ini likarudi kufanya kazi vizuri zaidi, na vivimbe vya ngozi vikapungua. Katika ripoti iliyofuata mwaka 2022 ya wagonjwa 20 waliokuwa wameishiwa na njia nyingine, 11 walionyesha nafuu. Fagi hao huwaua zaidi abscessus wenye koloni kavu zilizokunjamana. Wale wenye koloni laini zinazong’aa, ambao ni wengi majini, hawajapatiwa fagi wa kuwaweza sawasawa.